Vibanio Vitatu Ndani ya Gitaa

Nichekeni sasa hivi mmalize, maana nikishaanza kuhadithia sitaki kukatizwa, na mke wangu yuko hapo jikoni anasikia kila neno, nami tangu siku ile nimejiapia kwamba habari hii nikiisimulia nitaisimulia yote, hata pale panaponitia aibu, na panaponitia aibu ni karibu pote.

Mimi huendesha foklifti kwenye ghala moja huko Changamwe, lakini nikirudi nyumbani Mjambere, Kisauni, naunda magitaa. Nasema magitaa kana kwamba ni mengi, na wakati huo lilikuwa moja tu, la kwanza, na lilikuwa limeshanila mwaka mzima (mwaka na miezi mitatu, mke wangu anasahihisha kutoka jikoni). Hakuna aliyenifundisha. Nilitazama video kwenye simu, nikaomba mlango wa kabati la mkangazi ambao mtu alikuwa anautupa, nikaupasua mbao nyembamba, nikazilowesha na kuzikunja kwenye bomba la chuma lililopashwa moto juu ya jiko la makaa ziwe mbavu za gitaa, na nilivunja nne kabla ya kupata mbili.

Sasa ndani ya mbavu hizo hubandikwa ukanda mwembamba wa mbao, kuzunguka pande zote, ndio unaoshika uso na mgongo wa gitaa, na ukishaupaka gundi lazima uubane kila penye nafasi ya vidole viwili mpaka ukauke. Mafundi wa kweli wana vifaa vyao vya kubania. Mimi nilitazama uani nikaona kamba ya nguo, na kwenye kamba vibanio vya mke wangu, vya mbao, dazeni mbili, kila kimoja amekitia rangi nyekundu ya kucha kwenye ncha ili visichanganyike na vya wapangaji wengine. Nikavichukua. Nikajiambia ni vya siku moja tu, kesho navirudisha.

Gundi ikavuja, vibanio vikagandamana na mbao, vingine nikavibandua kwa kisu vikachubuka kabisa, na kesho yake mke wangu akanijia na beseni la nguo mbichi kiunoni, uso umeshakunjamana.

"Baba Riziki, hukuziona pegi zangu?"

Ningesema ndiyo, ningefokewa kidogo, tungekula, tungelala. Lakini nililiona lile beseni, nikaogopa, nikajibu, "Waniuliza mimi? Mimi na pegi wapi na wapi?"

Basi. Uongo wenyewe ni huo, mdogo namna hiyo.

Chumba cha mkabala na chetu akikaa Mama Kadzo. Huyu si jirani tu. Riziki alipotaka kuzaliwa, mimi nikiwa zamu, Mama Kadzo ndiye aliyemshika mke wangu mkono kutoka mlangoni mpaka hospitali na hakuuachia mpaka mtoto alipolia. Wawili hao walikuwa wakianuliana nguo kila mvua ikitanda, bila kuitana wala kuombana, anayeiona kwanza ndiye anayekimbia. Na wiki ile ile, kwa bahati yangu mbaya, Mama Kadzo akarudi kutoka sokoni na vibanio vipya vya mbao.

Mke wangu akajiambia ncha nyekundu zimekwanguliwa, wala hakumuuliza kitu. Alisimama tu mferejini akawaambia wanawake wengine, kwa sauti ya kumfikia anayehusika, "Siku hizi watu waanika kwa pegi za wenyewe, na uso mkavu." Mama Kadzo alikuwa anateka maji. Akalifunga bomba, akaondoka na ndoo nusu. Kesho yake akatoka na leso yenye jina, yale maneno yaandikwayo pindoni, la kuwasema wenye kusingizia, mke wangu akatafuta lake la kumjibu, na hivyo wakaendelea, wiki baada ya wiki, wanasemezana kwa leso huku hata salamu hawapeani (nilianza kuogopa kusoma nguo za watu). Miezi mitano. Nami niko pembeni napiga msasa.

Lakini hilo silo baya kuliko yote. Siku moja mke wangu alikuwa kwa mamake mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, mvua ikashuka, na nguo za Riziki zote ziko kambani, sare ya shule ikiwemo. Nilipofika kutoka kazini nikamkuta Mama Kadzo anaondoka mlangoni kwetu, ameroa chapachapa, na nguo za mwanangu ameziacha juu ya kiti zimekunjwa vizuri. Akapita akaingia chumbani kwake. Nami nikaziingiza ndani. Mke wangu aliporudi akaziona, akanitazama kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona siku nyingi, akasema, "Ahsante, mume wangu, leo umenikumbuka." Nikaipokea ahsante isiyo yangu. Jioni ile akanipikia samaki wa nazi, na mimi, wallahi, nikamla samaki yule mpaka mkia.

Ndipo ikatangazwa kanisani kwamba Baba Kadzo amestaafu, wanahamia Kaloleni, na Jumapili ya mwisho wataagwa. Moyo ulinipasuka. Niliona kwamba wanawake hawa wataachana hivi hivi, wamenuniana, na sababu ni mimi. Mnadhani nilikwenda kusema kweli? Nilikwenda kumwomba mwalimu wa kwaya anipe nafasi nipige gitaa langu siku hiyo, ule wimbo anaoupenda Mama Kadzo, nikitumai muziki utasema kwa niaba yangu.

Kwa hiyo nikamaliza kwa pupa. Siku ya kufunga mgongo nilishapaka gundi kuzunguka, na kwa joto la Kisauni gundi hukauka huku unaitazama, ndipo nikaona vibanio vitatu bado vimeganda ndani, kwenye kona iliyo karibu na shingo. Nikivibandua, gundi itakauka. Nikafunika. Tena nilijipongeza, nikaona ushahidi umezikwa.

Jumapili, chini ya mabati yaliyochemka, wakaniwekea maikrofoni mbele ya tundu la gitaa. Ubeti wa kwanza ulitoka vizuri hata mimi sikuamini, sauti nene, tamu, na Mama Kadzo pale kiti cha mbele akafumba macho. Ubeti wa pili kitu kikaanza kukwaruza ndani, krrr, krrr, na spika zikakikuza.

"Kuna kitu humo," mwalimu wa kwaya akanong'ona. "Kitoe."

Nikageuza gitaa, nikalitikisa. Kikajipenyeza kati ya nyuzi kibanio kimoja, kikaanguka sakafuni mbele ya mke wangu aliyesimama safu ya kwanza ya kwaya. Akakiokota. Akakigeuza, akaitazama ile ncha nyekundu. Aliuliza polepole kabisa, lakini maikrofoni haijui siri, na kanisa zima likasikia:

"Baba Riziki, hii si pegi yangu?"

Nikashtuka, gitaa likainama, kikaanguka cha pili. Halafu cha tatu. Watu wakaangua kicheko, mchungaji mwenyewe akajificha nyuma ya Biblia. Mtu mmoja tu hakucheka, Mama Kadzo, na alikuwa hanitazami mimi, alikuwa anamtazama mke wangu.

Nikasema mle mle kwenye maikrofoni, maana miguu ilikataa kunipeleka kwingine. "Mama Kadzo hakuchukua kitu. Ni mimi." Kicheko kikakatika. "Na zile nguo za mtoto siku ya mvua, mke wangu, hazikuanuliwa na mimi. Ni yeye. Mlikuwa hamsemezani, naye akaroa kwa ajili ya Riziki."

Mke wangu alishuka na joho lake la kwaya, akapiga magoti mbele ya kiti kile, akakiweka kichwa mapajani mwa mwenzake. "N'samehe," akasema, "n'samehe, nilikutukana bure." Mama Kadzo akamshika kisogo, machozi yanamtoka. "Miezi mitano, mwanamke wewe! Nimekosa hata wa kuniambia leso yangu imekwenda upande." Kisha akaninyooshea kidole. "Nawe, piga hilo gitaa lako. Hatujamaliza kuagwa."

Nikapiga, na halikukwaruza tena.

Siku hizi nabania kwa vipande vya bomba la plastiki nilivyokata mwenyewe, na kabla ya kufunga mgongo wa gitaa lolote namwita mke wangu aje aangalie ndani. Mama Kadzo yuko Kaloleni, na kila mvua ikianza kwao hupiga simu: "Yaja huko, nguo zi ndani?" Mke wangu hucheka, hanijibu mimi wala hamjibu yeye, ananielekezea mlango tu, nami natoka mbio kwenda kuzianua. Safari hii ni mimi kweli.