Siku Mama Mkwe Wangu Alipoangushwa na Kibao

Mama mkwe wangu aliangushwa na kibao kilichoandikwa TAHADHARI: USITELEZE.

Na aliyekiweka pale ni mimi.

Cheka kwanza. Ukimaliza kaa nikusimulie, maana mimi mwenyewe siku ile sikucheka. Ndoa yangu ilibaki inaning'inia kwa uzi.

Iko hivi. Nafanya usafi kwenye jengo la maduka. Jengo kubwa, milango ya vioo inayofunguka yenyewe, vigae vinang'aa mpaka unaweza kuinama ukajipaka wanja. Mimi ndiye kiongozi wa zamu. Maana yake napiga deki kama wenzangu, ila lawama zote zinaanzia kwangu ndipo zigawiwe.

Vibao vyenyewe mnavijua. Vile vya plastiki vya njano, vinasimama kwa miguu iliyoachana, vina picha ya jamaa anayeteleza huku amerusha mikono kama yuko kwenye muziki.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Watu wanaingia na matope kana kwamba wametumwa. Nikapiga deki mlangoni, nikasimamisha kibao katikati ya njia, nikaenda kubadilisha maji ya ndoo.

Sikujua kama mama mkwe yuko njiani. Alikuwa amekuja kununua uzi wa cherehani, akaona apitie anisalimie kazini.

Anisalimie, yaani anikague.

Mara puuu! Nikadhani mtu kaangusha mzigo. Kisha nikasikia, "Uwiii! Mkono wangu mie!"

Sauti ile naijua. Ndiyo sauti iliyoniangalia juu mpaka chini siku ya kwanza kupelekwa ukweni ikasema, "Ndiye huyu? Haya."

Nilitupa ndoo nikakimbia. Namkuta mama yuko chini, mtandio huku, kiatu kule, na kibao kimelala chini yake, miguu imetanuka kama chura aliyekanyagwa.

"Mama! Umeteleza?"

"Niteleze, kwani mimi kambare? Ni hili likibao lako!"

Watu wameshajaa. Mmoja anapiga picha. Nikatamani vigae vipasuke nijifiche.

Hospitali wakasema mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika. Akafungwa plasta mpaka karibu na kiwiko. Na kwa kuwa anaishi peke yake na mkono wenyewe ndio wa kulia, mume wangu akatangaza, bila kunitazama usoni, "Mama atakaa kwetu mpaka apone."

Sawa. Ningesema nini?

Sasa nina wifi. Huyu tunamwita Spika, kwa sababu akiongea hata wa mtaa wa pili hawahitaji kuuliza. Jioni hiyohiyo akaandika kwenye kundi la familia: "Jamani, mama kaumizwa na kibao cha mkamwana wake."

Nadhani umeshaona tatizo.

Shangazi mmoja akajibu upesi, herufi kubwa tupu: "ETI MKAMWANA KAMPIGA MAMA KIBAO???"

Hapo ndipo moto ulipowaka. Mpaka mtu aeleze kuwa ni kibao cha plastiki, si cha kofi, habari ilishafika kwa ndugu ambao mimi hata siwajui. Baba mdogo akatuma sauti nzito akisema katika ukoo wao hakujawahi kutokea mwanamke wa namna hiyo. Mwingine akaweka alama ya mikono ya dua.

Nikamgeukia mume wangu. "Andika uwaeleze!"

Akaandika: "Tulieni, kilikuwa kibao kimoja tu."

Kimoja tu! Mungu anisamehe, hapo nusura nimpe cha kweli.

Spika alipokuja kumwona mama, alinivuta jikoni. "Hebu niambie ukweli, wifi. Ulimtegea?"

"Nimtegee kwa kitu kilichoandikwa tahadhari? Mtego gani unaopiga kelele kuwa upo?"

"Hujanijibu."

Kazini nako hakufai. Meneja wetu tunamwita Tai, kwa sababu hata jua likiwaka vipi, tai haitoki shingoni. Si mtu mbaya. Ni mwoga tu wa wakubwa zake.

"Ama kibao kiliwekwa vibaya," akasema, "ama mama hakuangalia anakokwenda. Nichagulie moja niwapelekee wa juu."

Yaani nichague kati ya kibarua changu na mama mkwe wangu. Na mama mkwe mwenyewe yuko sebuleni kwangu, ameshika rimoti.

Nikamwambia, "Bosi, ni upepo. Milango ikifunguka pande zote mbili kwa pamoja, vile vibao vinalala vyenyewe. Ni vyepesi kama karatasi. Kikishalala, kinageuka kigae cha plastiki juu ya maji."

Tai akafikiri. Akakaza tai yake. Akasema, "Basi tuongeze vibao."

Nikadhani anatania.

Hakuwa anatania. Kesho yake jengo zima lilikuwa la njano. Mbele ya lifti, kwenye ngazi, chooni, mlango wa duka la viatu. Watu wanapita ubavuubavu kama wanavuka shamba la miiba. Mtoto mmoja kakaa juu ya kibao anakiendesha. Mzee mmoja akaniuliza kwa heshima kabisa kama hapa pamezingirwa na polisi.

Halafu akaja jamaa amebeba godoro kichwani. Haoni mbele, haoni chini. Akakigusa cha kwanza, cha kwanza kikaegemea cha pili, vikaangukiana vyote kama walevi walioshikana mabega. Godoro likatangulia, yeye akafuata.

Bahati yake aliangukia godoro.

Nilipomsimulia mama, alicheka mpaka akashika plasta kwa maumivu. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka nyumbani kwangu tangu niolewe.

Kisha akafuta macho. Akasema, "Hicho kibao kilete hapa nikione."

"Mama, cha nini tena?"

"Nimesema kilete."

Nikaomba ruhusa, nikakibeba mgongoni mpaka nyumbani. Njiani watu wananipisha wenyewe. Siku hiyo nilitembea kama kiongozi.

Lazima ujue kwamba mama mkwe wangu alikuwa fundi wa kushona maturubai. Mahema, vifuniko vya malori, vitu ambavyo upepo unavipiga mwaka mzima. Mambo ya upepo humdanganyi.

Akakizungusha kwa mkono wa kushoto, akakigonga, akakinusa kama papai.

"Kinahitaji uzito chini. Mfuko wa mchanga. Kaa kwenye hiyo cherehani niliyokuja nayo."

"Mimi?"

"Kwani mimi nina mkono?"

Sikujua mateso mpaka siku ile. Nashona, yeye amesimama nyuma yangu. "Hiyo mishono au njia ya siafu? Fumua." Nafumua. "Sasa umekunja nini hapo, masikio?" Nafumua tena. Mume wangu akachungulia mlangoni, akaona hali ya hewa, akarudi alikotoka.

Mfuko wa kwanza tukaufunga mguuni kwa nje. Tukawasha feni, kibao kikasimama kidete. Tukafurahi.

Mume wangu, ambaye ni fundi wa friji, akapita kwenda kufungua friji ya mteja wake uani, kidole chake cha mguu kikaukuta mfuko. Alivyoruka! Akatua juu ya kochi, kichwa chini.

"Umeona?" mama akasema bila hata kumpa pole mwanawe. "Kitu cha kuzuia watu wasianguke hakitakiwi kutoa miguu nje. Uning'inize kwa ndani, katikati."

Tukafanya hivyo. Tukabandika vipande vya mpira wa tairi chini ya miguu kisiserereke.

"Vigae vyenu rangi gani?" akauliza.

"Njanonjano hivi, kama siagi."

"Na kibao?"

"Cha njano nacho, mama."

"Sasa macho yangu yakione kwa sala?"

Tukazungusha utepe mweusi chini, pale mtu anapoangalia miguu yake.

"Na wewe nani alikufundisha kuweka kitu katikati ya njia?"

"Ndipo kwenye maji, mama."

"Mtu akishayakanyaga maji ndipo unampa habari? Kiwe pembeni, kabla ya maji, kila upande wanakotokea watu. Na pakikauka, kiondoke. Kikishinda hapo siku nzima watu watakizoea kama picha ya ukutani."

Kisha akamwita mwanawe. "Na wewe fundi wa mafriji, nifungie hii miguu isitanuke."

"Mama, upepo hautanui miguu. Unakilaza tu."

"Nimesema isitanuke."

"Lakini mama, kilichokuangusha ni..."

"Nani kamzaa mwenzake hapa?"

Mume wangu akachukua vipande vya chuma bapa, akaweka kimoja kila upande, vinavyojifunga ukikifungua kibao. Hakitanuki, hakijikunji. Alifanya huku ananung'unika. Hata mimi sikuelewa kwa nini mama aling'ang'ania hicho kuliko mambo yote.

Siku ya kumwonyesha Tai, mama akasema naye anakwenda. Spika akasikia, akaja pia, nadhani alitaka kuniona nikiaibika kwa macho yake.

Tukasimama ukumbini pale chini. Mlinzi wetu, tunayemwita Antena kwa sababu hakuna habari inayompita, akafungua milango yote kwa pamoja. Upepo ukaingia. Karatasi za matangazo zikaruka. Tai ya Tai ikampiga usoni.

Vibao vya zamani vikalala kifudifudi vyote.

Cha kwetu hata hakikutikisika.

Wasafishaji wenzangu wakapiga makofi. Tai akatabasamu, akaanza kusema "wazo letu hili," kama mlivyotarajia.

Mama akasema, "Bado."

Akakiendea kibao, akainama, akakishika kwa mkono mzima, kisha akajitupia juu yake kwa uzito wake wote kama mtu anayejiinua kutoka chini.

Tulipiga yowe wote. Spika ndiye aliyeongoza.

Chuma kikalia kidogo. Miguu haikutanuka. Mama akajinyoosha taratibu, akavuta mtandio.

"Sasa ndiyo kimefaa," akasema.

Spika akamkimbilia. "Mama! Nani anaegemea kibao?"

Antena akacheka. "Si yeye mwenyewe siku ile."

Mama akamgeukia. "Wewe mtoto, tulikubaliana nini siku ile ukinipeleka kwenye gari?"

"Mama nisamehe. Nimelibeba hili mpaka tumbo limevimba." Na kweli, kwa Antena kukaa na siri kiasi kile, tungepaswa kumpeleka hospitali yeye. "Mimi niliona kwenye kamera. Mama hakuangushwa na kibao kilicholala. Alikuwa ameshakipita salama kabisa."

"Sasa ikawaje?" nikauliza.

"Alikiona kimelala. Halafu akamwona bosi anatoka kwenye lifti, macho kwenye simu. Akarudi mbiombio kukisimamisha. Alipokwisha kukisimamisha akakiegemea ili ainuke, miguu ya kibao ikaachana, wakaenda chini wote wawili."

Nikamtazama mama. Anaangalia mlango wa duka la viatu.

"Mama... ulirudi kwa nini?"

"Huyu mwenye tai alikuwa anakuja," akasema, kama anayeeleza bei ya vitunguu. "Nikajua angekufokea mbele za watu. Nisingependa."

"Sasa mbona hukusema? Ukoo mzima umeniita muuaji!"

"Ningesemaje? Nimezoea kukusema vibaya miaka yote hii. Nikianza ghafla kukutetea, wangedhani nimeumia na kichwa."

Nililia. Nililia pale katikati ya ukumbi, na deki mkononi, watu wanapita na mifuko yao. Mama akaninong'oneza, "Futa kamasi, unalowesha sakafu."

Tai akakaza tai yake, kisha, kwa mara ya kwanza, akailegeza. Akamwambia mama pole. Akaniambia na mimi pole. Hakuna aliyechaguliwa kupelekwa kwa wa juu. Vibao vyote vikarekebishwa kwa namna ile. Mifuko ya turubai ya kutilia mchanga tuliishona wenyewe, na mama alisimama nyuma ya kila mmoja wetu akifumulisha.

Spika hakuniomba msamaha kwa mdomo. Ila jioni aliandika kwenye kundi: "Kuhusu kibao, wifi hana kosa. Mama ndiye aliyekiendea."

Shangazi akajibu: "JAMANI, KWA HIYO MAMA ALIJITAKIA KIBAO???"

Tumemwacha tu.

Mama plasta ilishatoka. Amerudi kwake, na kila akija bado analalamika kwamba mapazia yangu yamepinda. Yamepinda kweli.

Basi wewe unayefanya usafi, au una duka, au una ofisi yenye sakafu ya kuteleza, nisikilize. Ukishaweka kibao usiondoke ukadhani umemaliza. Kipige teke kidogo. Kiegemee. Kipite kama bibi asiyeona vizuri, halafu kama jamaa aliyebeba godoro. Kikikuangusha wewe, kitamwangusha na mwingine, hata kiwe na maandishi makubwa namna gani.

Na kama kuna mtu kwenu asiyeishiwa maneno juu yako, usimhukumu kwa mdomo tu. Mwangalie anafanya nini pale anapodhani humwoni.