Namba Nyuma ya Mlango wa Kabati

Penina alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na watu wanaosoma tofauti na kilichoandikwa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa, na katika miaka hiyo yote barua haikutoka mikononi mwake na neno lililokaa vibaya. Alipostaafu, kijiji kizima cha Akheri kikampa kazi nyingine bila kumwuliza: kuandika wasifu wa marehemu. Mtu akifariki, hata turubai halijafungwa vizuri, ndugu mmoja ameshafika kwa Mama Nelson, kama wanavyomwita, na karatasi ya daftari yenye mwaka wa ubatizo, mwaka wa ndoa na majina ya watoto. Penina huuliza anayouliza, huchapa, hukunja. Kisha huketi msibani mstari wa mbele, nakala yake mkononi, akimfuata msomaji neno kwa neno. Mwinjilisti mmoja aliwahi kuchomeka "mpendwa wetu" mahali ambapo hapakuwa na mpendwa yeyote, naye Penina akamsalimia kwa baridi mpaka Pasaka.

Jumamosi hiyo, saa nane mchana, walikuwa wanamzika Elinipa.

Elinipa hakuwa marehemu wa kuandikiwa tu. Walibatizwa siku moja, wakachuma kahawa shamba moja, wakaja kuolewa nyumba zinazopakana. Wiki tatu kabla ya kufa alimwita Penina kitandani, akawatoa watu wote chumbani, akasema, "Andika wangu sasa hivi, ningali nasikia ukinisomea. Nikiwaachia wao watanipamba."

Penina akaandika. Walipofika kwenye watoto, Elinipa akafumba macho. "Watoto ni watano. Wa kwanza, Anande."

Kalamu ilisimama. Si kwamba Penina hakujua. Elinipa alimzaa Anande akiwa na miaka kumi na saba, kabla ya ndoa. Mtoto aliachwa Momela kwa bibi yake, akakua akimwita mama yake dada, na watoto wanne waliozaliwa ndani ya ndoa wakakua wakimwita mama mdogo. Hakuna aliyesema uongo mkubwa. Kila mtu alisema wake mdogo tu, kwa miaka hamsini na mmoja.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee." Alisomewa, akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi isomwe hivyo hivyo."

Sasa Elinipa alikuwa amelala ndani ya jeneza, na mtoto wake wa kiume, Gadiel, aishiye Themi mjini, alikuwa ametuma orodha yake ya watoto kwa simu tangu Alhamisi. Wanne. Jumamosi asubuhi akapiga.

"Shikamoo, Mama. Nasikia printa inakusumbua."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Watu. Usijichoshe, Mama. Ikifika saa tano haijakaa sawa, mimi nachapa yangu pale Tengeru, tumalize."

Aliongea kwa upole, kama kawaida yake. Penina alikuwa amemlalamikia jirani mmoja tu, Ijumaa jioni. Akheri iliyoweza kutunza siri moja nusu karne ilikuwa imeshindwa kutunza habari ya printa hadi alfajiri. Wala yeye mwenyewe asingeweza kuipeleka kazi yake Tengeru, maana mwenye steshenari alikuwa shemeji yake Gadiel, na simu ingefika kabla karatasi hazijatoka.

Printa ilikuwa juu ya kabati la vyombo, taa yake ya kijani ikiwaka bila aibu. Aliyeinunua ni mumewe, Ephraimu, miaka mitano iliyopita. Aliiunganisha kwa waifai, na kwa vile alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, akafungua mlango wa kabati na kuandika upande wa ndani kwa kalamu nene ya buluu: PRINTA 192.168.1.40. "Hii ndiyo anwani yake," alimwambia mkewe. "Kompyuta ikiipoteza, iandikie hii, itaiona." Mara mbili ilipotea, mara mbili Penina akaandika namba hiyo, ikaonekana. Ephraimu alifariki mwaka juzi. Penina akapaka rangi nyumba nzima, kasoro mlango ule.

Kwake yeye, anwani ilikuwa kitu kisichohama. Sanduku lao la posta ni lile lile tangu mwaka sabini na tisa. Watoto wamezaliwa na kuondoka, mwenye sanduku amezikwa, na barua bado zinaingia mle mle. Kwa hiyo laptopu iliposema haiioni printa, aliiandikia namba ya Ephraimu. Ilipokataa, akaiandikia tena. Alifanya hivyo mara tisa, akitamka kila tarakimu kwa sauti kama anamwelekeza mtu mgumu wa kusikia. Alizima, akawasha, akafuta vumbi, akaomba. Waya wa kuunganisha kwa mkono panya walishautafuna zamani, na mwanawe Nelson alikuwa njiani kutoka Mbeya, simu haipatikani. Kila kitu Penina alikishuku asubuhi ile, kuanzia umeme hadi shetani, isipokuwa ile namba.

Ilikuwa saa tatu na nusu, naye aliogopa. Hakuogopa aibu ya kushindwa kazi. Aliogopa kwamba rafiki yake angefukiwa na neno lake bado mdomoni, na kwamba kosa lingekuwa la karani.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Anande, kidumu cha maziwa mkono mmoja, mfuko wenye nguo ya msiba mkono wa pili. Alikuwa ameondoka Momela alfajiri.

"Shikamoo, Mama Nelson."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Mbona umekuja huku? Msiba uko kule."

"Nimeona nipite kwako kwanza." Akaweka kidumu chini. "Kule sijui nikae wapi. Wenye msiba wamekaa kwao, wageni wamekaa kwao." Alilisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza hali ya barabara.

Penina akashusha haraka kioo cha laptopu. Wasifu ulikuwa wazi pale, jina la Anande katikati, na hakutaka kumwonjesha mtu kitu ambacho huenda kingeishia humo humo. Akasema tu kwamba printa imegoma.

Alikuwa amemwambia mtu anayezijua. Anande ameshika mapokezi ya hoteli moja ndogo karibu na maziwa ya Momela kwa miaka ishirini, na husema mvi zake hazikuletwa na wageni bali na printa. Akaiangalia taa ya kijani, akauliza, "Kuna kitu kimebadilika humu ndani?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Mwezi uliopita fundi wa intaneti alileta rauta mpya. Lakini aliipa jina lile lile na nywila ile ile, nisipate taabu."

"Basi ni hapo." Anande akavuta stuli. "Anwani hizi anayezigawa ni rauta. Ya zamani imeondoka na ugawaji wake, na mpya imegawa upya, kama mwenye nyumba mpya anapowahamisha wapangaji vyumba. Printa ipo, Mama Nelson. Imeshaingia kwenye mtandao siku nyingi. Ila kompyuta inaitafuta pale ilipokuwa zamani."

Penina akafungua mlango wa kabati kwa nguvu. "Ephraimu hakukosea namba!"

Anande akautazama mwandiko ule wa buluu. Alinyoosha kidole, akakirudisha kabla hakijagusa. "Hakukosea," akasema. "Ilikuwa kweli siku aliyoiandika."

Penina akauachia mlango. "Sasa hiyo mpya nani anaijua?"

"Yenyewe. Tuiulize."

Akabonyeza kitufe chenye alama ya taarifa na kukishikilia. Printa ikakohoa, ikavuta karatasi, ikatoa ukurasa wa kujieleza: jina lake, namba ya kiwandani, jina la waifai, na katikati mstari mmoja: 192.168.8.103. Penina alivaa miwani, akasoma tarakimu mpya, akasoma za mlangoni, akazirudia zile mpya. Roho ilimuuma, kama mtu aliyekuta kaburi limefagiliwa na mwingine.

Anande aliunga simu yake kwenye waifai, akaiandika namba ile juu kabisa, pale wanapoandika jina la tovuti, na ukurasa wa printa yenyewe ukafunguka ukionyesha wino uliobaki. Mweusi ulikuwa nusu. "Umeona? Imeitika." Kisha akaomba laptopu. Penina aliuteremsha kwanza wasifu chini ya kioo usionekane, akampa. Anande akaifuta printa ya zamani kwenye orodha, akaiongeza upya kwa anwani yake mpya, halafu akaingia kwenye rauta na kuiamuru isiigawie printa anwani nyingine tena hata umeme ukikatika mara mia.

"Haya, chapa," akasema, akaenda kusimama kando ya kabati.

Penina akabonyeza. Karatasi ilipotoka, Anande aliichukua, kama wafanyavyo watu wa kazi hiyo, kuangalia kama wino umekaa sawa. Penina angeweza kusema nipe. Hakusema.

Anande alisoma juu, akasoma katikati, akakwama. Nje kuku walikuwa wanagombania maganda ya ndizi.

"Mama Nelson, hapa pana makosa."

"Wapi?"

"Watoto ni wanne."

"Alinitajia watano. Nikamsomea. Akasema isomwe hivyo hivyo."

Anande akakaa. "Alilitaja jina langu? Kwa mdomo wake?"

"La kwanza kabisa."

Alilia bila sauti, akiinua karatasi juu isilowe. Penina naye alilia, maana hakuwa amemlilia Elinipa tangu alipofariki Jumatatu, kwa sababu ya kazi na printa. Baadaye Anande akajifuta kwa kanga, akauliza nakala ni ngapi.

"Themanini."

"Karatasi hizi hazifiki. Lete nyingine."

Zilipokuwa zinatoka, Penina alimwandikia Gadiel kwamba printa imekaa sawa, kisha akachukua kalamu, akafungua mlango wa kabati, na chini ya mwandiko wa mumewe akaandika namba mpya na tarehe. Ya juu hakuikata.

Saa saba na nusu, kule msibani, Gadiel alimkuta nyuma ya jiko, karibu na migomba, akamvuta pembeni na karatasi mkononi. Sauti yake ilikuwa chini. "Mama, hii siyo orodha niliyokutumia."

"Hii ni ya mama yako. Alinitajia akiwa na akili zake zote. Ukitaka kusoma ile yako, isome, wewe ndiye msomaji. Lakini hizi themanini nimeshazigawa."

Gadiel aliitazama karatasi, akawatazama watu chini ya maturubai, kila mmoja na yake. Aliikunja, akaelekea kwenye jeneza.

Penina akakaa mstari wa mbele, nakala mkononi, Anande kando yake. Gadiel alisimama karibu na jeneza, akasoma kuzaliwa, akasoma ubatizo, akasoma ndoa, hakuruka hata nukta. Alipofika kwenye watoto aliinua macho, akamtazama Anande, hata mchungaji akainua kichwa.

"Marehemu ameacha watoto watano," akasoma. "Wa kwanza ni dada yetu Anande."

Kwenye karatasi hapakuwa na "dada yetu". Penina alikisikia kile kilichoongezwa, akakiachia kipite.