Breki Yenye Honi

Mafundi wa sebuleni siwaamini tena. Juzi nilipanda bodaboda hapa Ng'ambo, na dereva, baba wa makamo, alijisifu njia nzima kwamba amefunga honi ya lori na kupanga upya nyaya zote mwenyewe, nyumbani. Tukafika penye msiba. Kwa heshima akakanyaga breki, na honi ikalia puuu! Waombolezaji wote wakageuka.

Mama mmoja mzee akatujia, mikono kiunoni. "Huna adabu?"

"Shikamoo mama. Nimepunguza mwendo kwa heshima, ila nyaya za breki na honi zimeingiliana."

"Marahaba. Siku nyingine pita bila heshima."

Tukaisukuma pikipiki hadi kona. Hapo dereva akaninong'oneza: "Lakini taa umeziona zinavyowaka?"