Punje Nne Shingoni

Rovu lilikaa shingoni mwa Mama Tupokigwe miaka kumi na saba. Alitoka nalo kwao Rungwe, akaja nalo hadi Tandale anakouza mchele wa Kyela. Siku alipoambiwa litakatwa hakuogopa kisu. Aliogopa sauti, maana daktari alimweleza kwamba mshipa wa sauti unapita papo hapo, na yeye ndiye anayeanzisha nyimbo kanisani. Akamwahidi Mungu: sauti ikibaki, atafunga siku tatu, kisha asimame mbele ya watu kutoa ushuhuda.

Rovu likakatwa, sauti ikabaki. Wiki ya tatu akarudi sokoni, na Alhamisi akaanza kufunga ili Jumapili asimame. Mfungo wake ni mkavu, hata maji hayapiti. Vile vidonge vikubwa vyeupe alivyopewa hospitali, vyenye ladha ya chaki, akavifungia kwenye pindo la kanga. Aliona ni vitamini tu, vitangoja.

Ijumaa asubuhi alikuwa anapepeta mchele, midomo ikaanza kumchonyota kama inazungukwa na sisimizi. Ulimi ukafuata. Akajing'ata makusudi, lakini hakusikia kitu.

Jirani yake Tunu, muuza viungo, kwanza alimtania, akamuuliza kama amedokoa karafuu zake, maana karafuu nayo hutia ganzi. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha utani. Akamwambia atabasamu, ainue mikono yote miwili, huku akimchungulia kama mdomo umekwenda upande, kama ulivyokwenda wa mjomba wake aliyepata kiharusi. Mdomo ulikuwa sawa. Ila vidole vilikuwa vimejikunja vyenyewe, ncha zimekutana kama za mtu aliyeshika chumvi. Wakapanda bajaji.

Njiani Mama Tupokigwe hakulia. Aliwaza kwamba sauti ameachiwa, sasa unachukuliwa mdomo. Amemkosea Mungu wapi?

Kwenye kituo cha afya waliingia kwa Daktari Farheen, binti mdogo tu, aliyemwamkia shikamoo kabla ya kumuuliza lolote. Alilitazama kovu la shingoni, akamgonga shavuni kwa kidole, mbele kidogo ya sikio. Mdomo ukaruka wenyewe. Akagonga tena, ukaruka tena. Tunu akarudi nyuma hatua moja, akataja jina la Mungu.

"Mama, vile vidonge vya kalsiamu unameza?"

Kwa aibu, Mama Tupokigwe akaeleza habari ya mfungo.

Damu ikachukuliwa, dawa ikaanza kupita mshipani taratibu, na daktari akavuta kiti. Nyuma ya mahali palipokuwa na rovu, alisema, kuna vitezi vinne.

"Kila kimoja ni kama punje ya mchele, mama. Vinailinda kalsiamu ya damu isishuke. Ikishuka, mdomo huwa wa kwanza kulalamika."

Upasuaji umevigusa, vimezimia, na vidonge vinavishikia zamu mpaka viamke. Angemaliza siku zake tatu, pengine angeletwa ana degedege, au moyo unayumba.

Mama Tupokigwe akaanza Zaburi ya ishirini na tatu moyoni. Aliirudia mara ya pili, akasikia ncha ya ulimi inamrudia.

"Mie nikiumwa Ramadhani nakula, na Mungu hajanifukuza," Tunu alisema. "Nyie nani kawaambia mgonjwa naye afunge?"

Mama Tupokigwe akacheka, na midomo yote miwili ikamtii. Kidonge alikimeza palepale, na chaki yake.

Jumapili alisimama. Ushuhuda wa sauti aliokuwa ameuandaa aliuacha. Alifungua kiganja akaonyesha punje nne za mchele, na waliokaa nyuma hawakuziona, ikabidi awaambie ni nini. Alisema punje hizi ameziuza kwa magunia, zilizomwagika amezifagia, na kumbe miaka hamsini na nne Mungu alikuwa amemwekea nne shingoni zinamlinda, akilala, akila, akiimba, naye hajazishukuru hata siku moja.

Akafumba kiganja, akaanzisha wimbo. Aliuanzia juu mno, wakamfuata hivyo hivyo.