Siku Pikapu Iliporuka Jeki

Kijiji chetu cha ujamaa kule Muleba kiliponikabidhi ufunguo wa pikapu, sikuwa nimefundishwa na fundi yeyote. Nilikuwa na kitabu cha Kiingereza na kamusi. Kila asubuhi nilipima oili mara tatu, kisha nikarudi kupima tena, nikihofia macho yamenidanganya.

Kilichonitisha zaidi ni difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Kitabu kilisema nikiinua gurudumu moja na kutia gia, litazunguka hewani lenyewe, gari likiwa limetulia. Basi jioni moja, kesho yake tukitakiwa kupeleka kahawa Bukoba, niliinua gurudumu la nyuma la kushoto kwa jeki kibanjani kwa mama, kwenye shamba lake la migomba. Nikawasha. Nikatia gia.

Gari liliruka jeki na kuangusha mgomba wenye mkungu.

“Bikira Maria!” mama akapiga kelele. “Gari nalo lina njaa?”

Mwenyekiti wa kijiji, jirani yetu, akaja mbio.

“Jeki imeteleza,” nikamwambia. Nilidanganya. Niliogopa atanipokonya ufunguo.

Aliutazama mkungu, akaguna, akaondoka.

Nikarudia kitabu, safari hii pamoja na ukurasa niliouruka kwa sababu mchoro wake ulinishinda. Kumbe ziko difu zenye sahani nyembamba zinazobanana gurudumu moja linapoteleza, ili lile lililoshika ardhi lipate nguvu. Yetu ilikuwa hiyo. Gurudumu la kulia ndilo lililotusukuma. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Asubuhi wapakiaji wa kahawa walikula ndizi za ule mkungu, tukaondoka, mwenyekiti akiwa kando yangu. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mlima gurudumu la nyuma la kushoto likazama mtaroni. Wapakiaji wakaruka chini kukata majani ya migomba ya kutandika chini ya gurudumu.

“Ngojeni kwanza,” nikasema, nikakanyaga mafuta taratibu. La kulia likauma ardhi. Tukatoka.

“Fundi wa kitabu!” wakashangilia.

Sifa zile zilinichoma. “Mzee,” nikamwambia mwenyekiti, “jana jeki haikuteleza. Nilitia gia.”

“Mwanangu, kijiji kizima kilisikia injini. Jeki ina injini?”

“Hapana, mzee.”

“Basi endesha. Na mara nyingine ujaribie mbali na ndizi za mama yako.”