Telki ya Kinoo

Dalali wa farasi wa kule Kinoo simpendi, na sitajifanya kwamba hasira imepoa. Kanisani hukaa benchi la mbele. Anaposalimia watu mlangoni, mimi hutokea mlango wa pembeni.

Kazi yangu ni kupandisha watoto farasi kwenye bustani ya mjini, Jumapili na sikukuu. Farasi niliyekuwa naye wakati ule alikuwa mzee, na akitoka mbio kidogo tu alimrusha mtoto kama gunia la viazi kwenye mkokoteni. Watoto walilia, wazazi wakahamia kwa jirani yangu, nami nikawa narudi nyumbani Mountain View mikono mitupu. Nilihitaji farasi wa telki, yule mwenye mwendo wa haraka lakini laini, ambaye ukikaa mgongoni hutikisiki. Nikimkosa, kazi ilikuwa imekwisha.

Dalali akaniita nikaone jike mwekundu. Alimpanda mwenyewe, akashika kikombe cha chai kilichojaa, akazunguka ua uliotandazwa vumbi la mbao. Chai haikumwagika.

“Madam, hii ni telki original,” akasema. “Tafuta ingine Kenya mzima, hupati.”

Kwetu mnyama huuzwa bila kamba. Muuzaji hufungua yake, mnunuzi akafunga yake, na baada ya hapo hakuna kurudishiana. Nilifunga yangu mbiombio, nikihofia atabadili nia. Mjinga mimi.

Tulipofika nyumbani jike alikanyaga mawe ya uani kwa hatua zile zile fupi, laini, lakini akitetemeka mabega. Nikainua mguu wa mbele, nikaosha matope. Kwato ilikuwa imechongwa hadi karibu na nyama. Nikainua wa pili, hali ile ile. Angeumizwa mguu mmoja angechechemea, na hata mtoto angeona. Kwa kuwa yote miwili iliuma sawasawa, hakuwa na mguu wa kuegemea, basi akawa anadonoadonoa ardhi. Nilichonunua kilikuwa maumivu. Nililia kwa hasira pale pale kwenye matope.

Nikampigia dalali simu.

“Kamba iko kwa shingo yake ni ya nani?” akaniuliza. “Si ni yako? Basi usinisumbue.”

Ningeweza kumpeleka jike mjini vile vile alivyo. Watoto wangempenda. Nililiwazia jambo hilo usiku na mchana, na nilimchukia yule mtu zaidi kwa kuwa alijua nitaliwazia. Lakini mtoto angecheka mgongoni huku mnyama akiumia chini yake, na mimi ndiye ningekuwa nimeshika kamba. Nikamwacha kwenye nyasi msimu mzima wa mvua, nikala madeni.

Kwato zikaota. Siku niliyompanda akiwa amepona, alinirusha meno yakagongana. Telki ilikuwa imeondoka na maumivu. Alikuwa mbaya kuliko yule farasi mzee.

Nikaenda naye mjini hivyo hivyo; yule mzee nilikuwa nimeshamuuza, sikuwa na mwingine. Jumapili moja dalali akatokea bustanini, suti ya kanisani mwilini, akasimama kututazama.

“Umeharibu farasi ya watu,” akasema. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti. “Niletee yeye kidogo tu. Nitamrudishia ule mwendo.”

Alisema hivyo akitabasamu, jinsi anavyowasalimia akina mama mlangoni.

“Kamba hii ni ya nani?” nikamuuliza.

“Utakufa njaa na hiyo kiburi yako.”

Baba mmoja alikuwa akisubiri na binti yake. Nikamwambia wazi, “Huyu anarusha. Ashike kwa nguvu.” Akasita, kisha akampandisha. Nikavuta kamba, tukapita mbele ya dalali, jike akatoka mbio, na mtoto akakumbatia shingo akipiga kelele. Sikujua kama ni kicheko au kilio, na sikugeuka kuangalia. Nilitaka yule dalali asikie kwato zote nne zikigonga lami bila woga.