Mto Ulioshonwa kwa Ajili ya Wifi

Mtaani walimwita Bi Kimya, maana akishona mito hasemi. Ukimuuliza bei, anakujibu kwa vidole. Watu walidhani ni maringo. Kumbe mama yake alimwonya tangu usichana kwamba maneno ya fundi huingia ndani ya sufi inayojazwa mtoni, na sufi haina siri. Hakuamini, akashona mto huku anaimba. Siku ya tatu jirani aliurudisha: "Mto gani huu unaniimbia sikioni?" Tangu hapo akaufunga mdomo.

Basi mumewe akafariki. Hata wiki tatu hazijapita, wifi yake akaja na fundi, akabadilisha kitasa cha mlango.

"Aliyekuweka hapa ni kaka yangu," alisema, "na kaka hayupo. Chukua sindano zako uende."

Kisha akaenda chumba cha uani kumwambia mama yake, mkongwe asiyeona vizuri, kwamba mjane ameondoka kwa hiari, kapata bwana, hata kuaga hakutaka.

Uongo huo ndio uliomchoma Bi Kimya kuliko kitasa. Alipanga chumba nyuma ya duka la mabati, akalia siku mbili, ya tatu akanyamaza. Akangoja mwaka na miezi minne.

Ndipo dobi wa mtaa ule wa zamani akaja na oda. "Ni ya yule wifi yako. Shingo inamuuma, anataka mto laini. Sikumwambia fundi ni nani."

"Usimwambie. Ijumaa utakuwa tayari."

Akafunga mlango, akaanza kusema. Kila konzi ya sufi aliisimulia: kitasa, sindano, bwana wa kuzuliwa. Hakutukana wala hakutia chumvi. Aliyarudia maneno ya wifi kama yalivyotoka. "Usingizi ukukome," akamalizia, akakata uzi kwa meno. Ijumaa dobi akauchukua. Wiki nzima Bi Kimya alikula kwa hamu, akimwazia wifi anavyojigeuza kitandani.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, asubuhi, teksi ikasimama mlangoni. Akashuka mama mkwe, kashikwa mkono na dobi.

"Shikamoo, mama," Bi Kimya alisema.

"Marahaba, mwanangu. Binti yangu aliuona ule mto mrefu mno, akanipa mimi."

"Nisamehe, mama. Haukuwa wako."

"Ungekuwa wa nani tena? Mwaka mzima nimekulaani bure!" Mkongwe akapapasa mpaka akaupata mkono wake. "Nyumba ni yangu, si ya binti yangu. Nimemwambia afungashe. Twende."

Walimkuta wifi sebuleni, macho mekundu, anakunja mashuka yake.

"Wifi," alisema kwa sauti ndogo, "mwombe mama. Wewe atakusikiliza."

Ni kweli, angemsikiliza. Bi Kimya alimtazama, akakumbuka alivyolala siku ile ya kwanza juu ya maboksi, na huruma aliyoitafuta moyoni hakuikuta.

"Shuka hilo la maua ni langu," akasema. "Liache."

Wifi akaliacha, akatoka. Utamu alioupata Bi Kimya haukumtia haya hata kidogo. Akaingia jikoni kumchemshia mama mkwe chai, akafungua kabati moja, la pili, la tatu. Kila kitu kilikuwa kimehamishwa.

"Mama," akaita, "sukari siku hizi inakaa wapi?"